Kwa nini kisu chako hupita kwanza mikononi mwa rafiki yangu

Mteja mmoja ameniandikia kuuliza kwa nini kisu chake kinachelewa wiki mbili, ilhali picha niliyomtumia inaonyesha kimekwisha. Ana haki ya kuuliza. Kwenye picha ile ubapa unang'aa, mpini umekunywa mafuta, ala imeshonwa. Kasoro ya kisu kile haionekani kwenye picha: kilikuwa bado hakijaenda porini.

Visu vyote ni hodari vikiwa karakanani. Nikishachovya chuma cha moto kwenye mafuta, napitisha tupa juu ya makali. Ikiteleza bila kung'ata, najua ugumu umeshika. Kisha kisu huingia kwenye oveni kwa nyuzi 200 hivi za Selsiasi, saa mbili, mara mbili, ili ugumu ule upungue kidogo na chuma kisiwe kama kioo. Baada ya kunoa nayakandamiza makali juu ya fimbo ya shaba ya manjano na kuyatazama kwa karibu. Yakipinda kidogo na kurudi yenyewe, sawa. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini mno. Yakimeguka, nilikiacha kigumu kupita kiasi. Hapo ndipo mafundi wengi hupiga picha na kufunga kifurushi, na mimi nilifanya hivyo kwa muda mrefu tu.

Tatizo la majaribio hayo ni mimi mwenyewe. Mpini niliuchonga kwa kuupima kwenye kiganja changu, kwa hiyo haunisumbui. Pia nakumbuka ni wapi ubapa niliusaga ukawa mwembamba, na nikikutana na fundo la mti, mkono unakwepa kabla sijaamua. Kisu kinafaulu kwa sababu mtahini anakionea huruma.

Rafiki yangu hana huruma hiyo. Anatumia mkono wa kushoto, kiganja chake ni kipana kuliko changu, na kazi yake ya kila siku ni ya mikono. Simwambii chuma ni cha aina gani wala nimenoa kwa pembe gani. Nampa kisu kikiwa ndani ya ala, tunaondoka asubuhi. Sharti letu ni moja tu tukifika: kabla ya kuchomoa kisu, kila mtu ananyoosha mkono na kuzunguka, ukimgusa mwenzako, mmoja wenu asogee. Sanduku la huduma ya kwanza linakaa wazi juu ya jiwe, si chini kabisa ya begi.

Tunaanza na kazi ya kuchosha. Anachonga vigingi vya mti mgumu uliokauka, nusu saa mfululizo, bila glavu. Mpini mbaya hausemi neno dakika tano za kwanza. Ukifika dakika ya ishirini, kiganja kinaanza kuwaka mahali fulani, na usipopajua mahali hapo mapema utapajua kwa lengelenge. Nina ujanja mdogo: naupaka mpini vumbi la mkaa kabla hajaanza. Akimaliza, anafungua kiganja, na sehemu zilizombana zimejichapa nyeusi tii. Nazizungushia penseli kwenye mpini hapohapo. Baadaye analoanisha mikono na kurudia, maana mpini uliong'arishwa kama kioo hupendeza dukani na huteleza kama samaki ukilowa.

Makali nayo yana siri zake. Nilikuwa na toleo moja nililolinoa kwa nyuzi 15 kila upande. Lilikata karatasi kwa namna ya kumfanya mtu acheke mwenyewe. Rafiki yangu akaligonga kwenye fundo mara chache, akaligeuza kuelekea jua, akaniita. Makali mazima hayaakisi mwanga, kwa sababu hayana upana wa kuuakisi. Ukiona uzi mweupe unang'aa, hapo yamelala au yamemeguka. Tulihesabu nyuzi nyeupe tatu za namna hiyo. Kosa halikuwa la chuma, tupa ilikuwa imekwishathibitisha. Makali yalikuwa membamba kwa kazi niliyoyapa. Toleo lile sasa linanolewa kwa nyuzi 20. Karatasi halikati kwa madaha kama zamani, lakini linamaliza siku. (Zile video za kukata karatasi nyembamba zinaonyesha kisu kimenolewa leo. Hazisemi lolote kuhusu kesho.)

Aibu kubwa zaidi niliipata tulipokuwa tunapasua kuni. Unaweka makali juu ya gogo, unagonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti hadi kisu kizame. Kisu kilichotiwa moto vizuri huvumilia hilo kama gogo halina fundo kubwa. Pigo la tano au la sita, kisu kikakatika pale msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, unapoungana na ubapa. Rafiki yangu akanirudishia mpini kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha cha kuazima alichokivunja.

Nilitazama palipokatika. Chuma kilichotiwa moto sawasawa huonekana ndani kama vumbi laini la kijivu. Hiki kilikuwa na chembe kubwa zinazometa kama sukari. Maana yake nilikiacha kwenye moto kikapata joto kupita kiasi, na chembe za chuma hukua kadiri joto linavyozidi na muda unavyorefuka. Pia niliacha kona kali pale msuka unapoanza, na nguvu za pigo hujikusanya konani. Makosa mawili, mahali pamoja. Visu vingine saba vilivyopita moto siku ileile sikuviuza. Niliviondoa mipini, nikavipasha na kuviacha vipoe hewani mara tatu, kila mara kwa joto la chini kidogo ili chembe zisinyae, ndipo nikavitia moto upya. Tangu hapo kona ile naizungusha kwa tupa ya duara, na kila kundi ninalotia moto linatoa kisu kimoja cha kupasulia magogo porini, ambacho hakiuzwi kamwe.

Marekani kuna chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976. Anayetaka daraja lao la kwanza la ufundi hukata kamba nene ya inchi moja inayoning'inia bure, akakata kwa kutema ubao wa ujenzi mara mbili, kisha kwa makali yaleyale akanyoa nywele za mkono. Mwishowe kisu hubanwa kwenye jiriwa na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kukatika vipande viwili. Ni mtihani mzito na nauheshimu. Ila hata pale anayekishika kisu ni aliyekitengeneza. Unapima ufundi wake, haukuambii mpini utamfanyaje mtu mwingine.

Kisu chako wewe, kwa hiyo, hakipigwi magogo. Kinapata tupa, shaba na vijiti vichache vikavu, rafiki yangu anakishika kwa muda, kisha nakinoa upya. Mikwaruzo myembamba karibu na makali ni ya jiwe la mwisho la kunolea. Kama ni cha chuma cha kawaida kisichozuia kutu, kifute na ukipake mafuta kidogo kila ukimaliza kazi. Usiku mmoja ndani ya ala yenye unyevu unatosha kukiwekea madoadoa. Usikitumie kama mtaimbo wala usikirushe kwenye mti. Kikipoteza makali kirudishe, nitakinoa.

Ukiagiza, nieleze kazi utakayokifanyia na mkono unaoutumia, na uchore kiganja chako kwenye karatasi kwa kukizungushia kalamu. Mchoro huo unanisaidia kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Kisu cha yule mteja kilirudi na alama mbili za penseli, zote upande wa kidole gumba. Nimezipunguza kwa msasa, haizidi milimita moja. Ala nayo ilikuwa inabana mno, nimeilegeza. Mpini unakausha mafuta sasa, na Ijumaa kifurushi kinatoka.