Bango la msimu litoke mwisho

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme machache na vikundi vya maigizo vya mitaani, hasa vya Dar es Salaam na Pwani, ambavyo sasa vinapanga michezo ya msimu ujao. Kosa lililozoeleka ni kutanguliza bango: michezo minne, tarehe nne, picha za kupendeza, kumbe hata ruhusa ya mtunzi haijaombwa. Likishasambaa kwenye simu za watu, kila kitakachoharibika kitaharibikia hadharani.

Ruhusa kwanza. Wengi hudhani ukinunua kitabu cha tamthilia umelipia kila kitu. Bei ile ni ya kusoma. Kukiigiza mbele ya hadhira ni haki nyingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imemwachia mtunzi. Kazi za zamani nazo zina mitego. Shakespeare alifariki 1616, hivyo haombwi mtu ruhusa. Lakini Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ni tafsiri za Mwalimu Nyerere, naye alifariki 1999. Kiswahili kile ni kazi yake, na hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo. Kikundi kisichotaka kuomba kitafsiri chenyewe kutoka kwenye Kiingereza cha mwenyewe, na kijue kwamba hiyo ni kazi ya miezi.

Michezo ya nyimbo ya New York na London ina masharti zaidi. Wanaokodisha haki zake huuliza idadi ya viti, bei ya tiketi na idadi ya maonyesho ndipo wapange ada, na kwa kawaida mkataba hukataza kubadili maneno, kutafsiri, hata kutangaza kabla ya kulipa. Anayetaka kuimba kwa Kiswahili aombe hilo waziwazi tangu barua ya kwanza. Kwa maoni yetu afadhali kikundi kitunge chake. Mshairi, mpiga kinanda na wapiga ngoma wawili hawakosekani mtaani, na taarabu imebeba visa vya watu kwa nyimbo miaka mingi tu.

Mchezo wa nyimbo uwe mmoja kwa msimu, usizidi. Kipimo tunachokitumia ni saa moja ya mazoezi kwa kila ukurasa: tamthilia ya kurasa 60 ni saa 60, yaani wiki 10 kwa kundi linalokutana mara tatu kwa wiki, saa mbili mbili. Wenye nyimbo uongezewe nusu ya muda huo, ufike wiki 15. Nyimbo zishikwe kwanza watu wakiwa wamekaa, kisha hatua za kucheza bila kuimba, halafu viunganishwe. Wanaoanza na hatua huharibu pumzi: mwimbaji huvuta hewa pale mguu unapompa nafasi, katikati ya neno, na mazoea hayo yakishaingia hayatoki hata siku ya onyesho.

Ukumbi nao uchaguliwe kwa kalenda. Kumbi zetu nyingi zimeezekwa bati, na mvua ya masika ya Machi hadi Mei, au ya vuli ya Oktoba hadi Desemba, humeza sauti yote. Kuongeza sauti ya mitambo hakusaidii, kwa sababu kipaza sauti huokota kelele za bati pamoja na maneno ya mwigizaji, na kikizidishwa kinaanza kupiga mluzi. Mchezo wa nyimbo uwekwe kati ya Juni na Septemba. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo tarehe za mwaka jana zisinakiliwe.

Umeme ndio unaotutisha kuliko vyote. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba karibu wati 3,000. Taa tatu za zamani za wati 1,000 zimeshaimaliza, na bado hujachomeka kinanda. Baya zaidi ni ekstensheni iliyoachwa imezungushwa kwenye gurudumu lake: joto halina pa kutokea, plastiki ya waya inalainika, nyaya zinagusana. Hakuna atakayeona hadi harufu ifike jukwaani. Ikunjuliwe yote, ilazwe ukutani mbali na pazia. Mwenye uwezo akodi taa za LED, zinakula umeme mdogo mno. Taa zimulike kutoka mbele pande mbili, kwa mshazari. Ikimulika ya juu peke yake, macho ya mwigizaji yanageuka mashimo.

Ngoma za ngozi hulegea kwa unyevu wa Pwani. Zipashwe moto nje, karibu na mlango wa nyuma, pawe na ndoo ya mchanga na mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Zirudishwe motoni wakati wa mapumziko, la sivyo sehemu ya pili itaanza na ngoma iliyopwaya. Vipaza sauti visivyo na waya vipewe betri mpya kila onyesho, hata kama za jana zinaonyesha zimejaa.

Usajili wa kikundi BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ukaguliwe mapema, usiachwe wiki ya mwisho.

Ruhusa ikiwa mkononi, ukumbi umelipiwa na nyimbo zimeshikwa, bango litoke, wiki sita kabla ya onyesho la kwanza. Liandikwe kiingilio, saa ya kuanza na, jambo ambalo karibu kila bango husahau, saa ya kumaliza. Mtu wa Mbagala au Kimara hanunui tiketi kabla hajajua kama daladala atalikuta.

Waongozaji na mafundi wa jukwaa,
Dar es Salaam