Malalamiko: gata linalovuja na fundi mliyempandisha juu ya bati la plastiki

Goba, Dar es Salaam
2 Aprili 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: GATA LINALOVUJA NA USALAMA WA FUNDI WENU

Mimi ni mteja wenu mliyenifungia magata ya plastiki mwezi Januari. Nyuma ya nyumba yangu ya ghorofa moja kuna baraza lililoezekwa kwa bati za plastiki zinazopitisha mwanga, na gata la juu limepita sambamba nalo mwanzo hadi mwisho. Mvua za kwanza tu za Machi, maungio mawili yakaanza kumwaga maji barazani.

Tarehe 14 Machi mlimtuma fundi, akapaka silikoni na kuondoka. Plastiki ilikuwa imelowa na ina ukoko wa vumbi. Hapo silikoni haishiki, na hilo hata mimi nisiye fundi nalijua. Siku ya tatu ilikuwa inaning'inia kama utepe.

Lililonifanya niandike, hata hivyo, ni la tarehe 27. Nilikuwa barazani nachambua mchele, nikasikia kitu kinalia juu. Kuinua macho, naona nyayo mbili za ndala, kisigino cha kushoto kimelika, zimesimama juu ya bati la plastiki katikati ya papi na papi, yaani zile mbao zinazoshikilia bati. Sikuthubutu kupiga kelele nisije nikamshtua. Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, rudi kwenye mstari wa misumari." Akageuka arudi. Hatua ya pili bati likapasuka, mguu ukazama hadi gotini.

Ngazi aliyopandia iliegemezwa kwenye gata lenyewe, haikufungwa popote, na aliyeishika chini ni dada wa kazi aliyeitwa kutoka jikoni. Kijana hakuwa na mkanda wala kofia, na mlimtuma peke yake. Tulimfunga kanga, tukampeleka zahanati, akashonwa. Nilipomuuliza kwa nini hakuja na mwenzake, alisema aliambiwa ni kazi ya dakika kumi.

Simlaumu yeye. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na mwajiri ni ninyi.

Nataka kazi irudiwe, ila si kwa kukanyaga bati. Simamisheni jukwaa pande zote mbili za baraza, mbao nene zipite juu ya paa bila kuligusa, fundi asimame hapo. Ikibidi kabisa kugusa paa, ubao mrefu ulazwe ukishika papi kadhaa kwa pamoja. Ngazi ya kupandia jukwaa ifungwe juu, na kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu yake isogezwe mita 1 kutoka ukutani. Msiiegemeze tena kwenye gata.

Gata nalo halitaki silikoni nyingine. Fungueni maungio, badilisheni raba, na safari hii acheni nafasi, maana plastiki hutanuka jua likiwaka na ninyi mlikaza mpaka mwisho. Halafu pandisheni vishikio vya upande wa mashariki. Gata limelala pale, maji yanatuama, na viluwiluwi vya mbu nimeviona kwa macho yangu kupitia dirisha la chumbani.

Nimeambatanisha picha, pamoja na stakabadhi za zahanati na za bati jipya. Zote mbili nimelipa mimi na nataka fedha hizo zirudi. Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nakala itakwenda OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, pamoja na picha ya ile ngazi.

Mkija, geti litakuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi na mbwa atakuwa amefungwa. Ngazi yenu bado iko uani, njooni na gari la kuibeba.

Wenu,
Mteja, Goba