Tunaondoka Jumapili

Hamburg, mwanzo wa Juni

Shoga yangu Mama Salma,

Salaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na mguu wa bibi umepoa. Sisi hatujambo, ila nyumba imegeuka bohari: masufuria ukumbini, hema limeanikwa kwenye roshani, na jirani wa chini ameshauliza kama tunahama.

Hatuhami. Jumapili tunaondoka, mimi na Baba Idi, na lile gari lake kuukuu la kubebea mbao. Amelifumua nyuma akatia kitanda na makabati (seremala hata likizo haimtoi randa mkononi). Tutazunguka Ulaya tukilala humo na kwenye hema mpaka Septemba.

Najua unacheka. Ulinambia kwenye simu: mtu ana nyumba yenye maji ya moto akalale porini, kwani kafukuzwa? Na Wajerumani nao wanaichukulia kambi ya mahema ya likizo kama ofisi. Kambi nyingi hapa, saa saba mpaka saa tisa mchana geti linafungwa, gari halitoki wala haliingii, watu wapumzike! Lakini shoga, miaka yote hii Ulaya niijuayo ni njia ya kazini, duka la Waturuki na ofisi ya wageni. Idi ameoa, zamu za usiku nimeacha. Nikisubiri mpaka Baba Idi astaafu, magoti yangu yatamtangulia.

Tunaanza kaskazini. Kutoka Copenhagen, Denmark, barabara inazama kwanza chini ya bahari, inaibuka kwenye kisiwa cha kutengenezwa, kisha inapanda daraja mpaka Malmö, Sweden. Na huko Sweden, sikiliza hii: unaruhusiwa kupiga hema usiku mmoja kwenye ardhi ya mtu usiyemjua, bila senti, mradi usisogelee nyumba yake wala usikanyage mazao. Norway wameiweka kwenye sheria tangu 1957: ukae mita 150 kutoka nyumba ya karibu, na zisizidi siku mbili mahali pamoja bila kuomba ruhusa. Hebu piga hema shambani kwa mtu Pangani uone utakavyoamshwa! Ila haki hiyo ni ya mwenda kwa miguu na hema lake, gari halimo, ndiyo maana tumebeba vyote viwili.

Huko Lofoten, visiwa vya kaskazini mwa Norway, jua halitui mpaka katikati ya Julai. Sasa Magharibi utaiswali saa ngapi? Tumemuuliza shehe wetu, akasema tufuate saa za Makka. Baba Idi ameshazibandika kwenye dashibodi. Mbu nao wapo, ingawa hawana malaria. Chandarua ulichonipa kimo mzigoni.

Halafu tunarudi Hamburg kufua nguo, na hapo pana hesabu yake. Baba Idi ni Mkenya, ana pasi mbili, haulizwi na mtu. Mimi Tanzania hainiruhusu uraia wa pili, nikabaki na pasi ya kwetu na kibali cha Ujerumani. Kibali hicho kinanipa siku 90 katika kila 180 kwenye nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Siku nitakazokaa Ujerumani hazihesabiwi. Baba Idi alitaka tufike na Ugiriki, nikamwekea kalenda mezani. Akanyamaza.

Uswisi tunaikwepa: kupita barabara zao kuu lazima ununue stika ya mwaka mzima, faranga 40, hata kama unaingia asubuhi na kutoka jioni. Tutashukia Ufaransa, ambako vijiji vingi vina kambi ya halmashauri, bei nafuu na bafu safi. Kisha Hispania. Cordoba nataka kuuona ule msikiti wa karne ya 8, siku hizi kanisa kuu, nguzo zake zinapita 800. Na mwisho Tarifa, mji wa kusini kabisa mwa Hispania.

Tarifa ndiko moyo wangu uliko. Kutoka pale mpaka Morocco ni kilomita 14 tu; mbingu zikiwa safi milima ya ng'ambo inaonekana. Hatuvuki. Nataka nichemshe chai ya tangawizi nikae niitazame Afrika kutokea upande huu. Ndiyo bahari ile ile watu wanayoivuka usiku kwa vimashua vya mpira, wengine wasifike, na mimi nimeijia na kiti cha kukunja. Sijui nitajisikiaje. Baba Idi anasema nitalia. Yeye ndiye atakayelia.

Kilichobaki ni gesi. Mtungi wa Kijerumani Hispania hawakubadilishii, na koki zao ni nyingine, kwa hiyo tumenunua jiko dogo. Nazi ya kopo ninayo, mchele ninao, viungo vya pilau ulivyotuma navigawa kidogo kidogo.

Usitume kitu kwa anwani hii mpaka Septemba. Ujumbe wa simu nitaupata tukifika penye mtandao. Nikikaa kimya siku mbili tatu, tafadhali usimpigie mama kumuuliza, unajua presha yake.

Wako,
Mama Idi