Risala ya Wakulima wa Mwani wa Micheweni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, walimu wa mafunzo, wazee na wanakikundi wenzetu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai na afya, na tunakushukuru kwa kufika Micheweni kutukabidhi vyeti vya kusarifu mwani. Sabuni ulizoziona pale mlangoni tumezipika wenyewe.

Mheshimiwa, kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kilipovuka kuja Pemba mama zetu walikipokea kwa mikono miwili, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka kisiwani kwetu. Kwa mwani tumesomesha watoto na tumeezeka bati.

Tunalima mwani wa aina mbili, mwembamba na mnene. Mnene ndio wenye bei, maana ute wake unaganda vizuri na viwanda vya vyakula na dawa ya meno vinautaka. Na mnene ndio unaotufia. Wakati wa kaskazi, bamvua likipwa kuelekea saa tano, maji yanabaki ya magotini na jua linayapasha moto hadi mwani unaugua. Matawi yanakuwa meupe, yanalainika, yanakatika. Umeinama siku nzima ukifunga mbegu moja moja, kisha unashuka pwani kuvuna unakuta kamba tupu.

Njia ipo. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani wa Unguja, na wenzake wameujaribu mnene kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mrija. Kule maji hayashiki joto upesi.

Hapo ndipo penye tabu yetu, Mheshimiwa. Wengi wetu ni wanawake na hatujui kuogelea. Utotoni kaka zetu walijitosa baharini, sisi tuliishia maji ya kiuno, tukiokota chaza. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda karibu mita 4. Vyombo navyo ni vya wanaume. Shamba likihamia kwenye kina na sisi tukabaki ufukweni, kazi waliyoianzisha mama zetu itakuwa ya mwenye ngalawa, na sisi tutakuwa vibarua wa kuanika.

Kwa hiyo tunaomba mwalimu wa kike wa kuogelea, atakayetufundisha tukiwa ndani ya nguo zetu za stara, na mabinti wa skuli wawemo tangu siku ya kwanza. Tunaomba pia boti moja yenye mashine pamoja na maboya ya kujiokolea. Mafuta tumekubaliana kuchanga wenyewe, na kamba tunazo.

Kaskazi inaanza Disemba. Tunaomba mwalimu atangulie hata kabla ya boti.

Tunaomba kuwasilisha. Wabillahi tawfiq.