Barua kwa mwanangu: vipindi vya akiba viko vingapi?

Mwanangu,

Dada yako ndiye aliyenionyesha tangazo lako. Yaani mimi niliyekaa nyuma ya kioo cha studio miaka yote ile, nasikia kwa watu kwamba mwanangu anaanzisha podikasti, tena kila Jumatatu alfajiri bila kukosa. Hilo "bila kukosa" nani alikutuma uliandike? Wiki ijayo unahama, unaanza kazi mpya, hata kitanda hujui utakiweka upande gani, na tayari una deni la kila Jumatatu kwa watu usiowajua.

Swali langu ni moja na nitalirudia mpaka unijibu. Una vipindi vingapi vilivyokamilika? Siulizi mawazo uliyoandika kwenye simu. Nauliza vilivyorekodiwa, vikahaririwa, vikasikilizwa mwanzo hadi mwisho, vikahifadhiwa.

Lile jaribio la kipindi ulilorekodi nimelisikiliza kwa hedifoni, maana spika ya simu huficha madhambi. Sauti unayo, na nimeshasikia watu wanaolipwa kwa kuongea ambao hawana. Pale mgeni wako aliponyamaza katikati ya jibu, nawe ukanyamaza, hadi akaongeza lile neno ambalo naona hakukusudia kulisema, nilimwita baba yako aje asikie. Hilo hufundishwi na mtu. Halafu ukaharibu. Unacheka kabla kisa hakijaisha, na hizo "ehe, ehe, sawa" zako zinamkanyaga mwenzio kila sentensi. Tikisa kichwa tu, kichwa hakirekodiwi.

Na friji, mwanangu! Linaanza kuunguruma katikati ya swali lako la pili, na linapozima ndipo msikilizaji anagundua kuwa lilikuwepo. Huko uendako, lizime kabla ya kurekodi, kisha weka funguo zako za mlango ndani ya hilo friji. Hutaweza kutoka nyumbani bila kukumbuka kuliwasha tena.

Maikrofoni uliinunua hata kabla hujajua kipindi kinahusu nini. Baba yako aliiona picha akasema ni nzuri. Ni nzuri kwa studio yenye kuta zilizofunikwa. Hiyo ni ya kondensa, inasikia hadi mlango wa jirani. Kwa chumba chenye kuta tupu, ya dainamiki ingekufaa zaidi, maana inachukua kilicho karibu na kuyapuuza mengi ya mbali. Basi, imeshanunuliwa. Isogelee kiasi cha shibiri moja, uiweke pembeni kidogo ya mdomo ili P na B zako zisipige kishindo. Tundika mablanketi nyuma yako, au jifungie kati ya nguo kabatini. Usicheke, wapo wanaolipwa vizuri tu wanaorekodi kabatini. Kipimo cha sauti kicheze kati ya desibeli -12 na -6. Kikigonga sifuri sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka hairudi ilivyokuwa hata uwe na programu gani. Kabla hamjaanza kuongea, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Utakuja kunishukuru siku ya kukata, utakapohitaji kiraka cha kuziba palipokatwa.

Mgeni akiwa mbali, kila mmoja ajirekodi upande wake, kisha mpige kofi moja pamoja mwanzoni. Kwenye Audacity, ile programu ya kukata sauti, utaliona lile kofi limesimama kama mwiba, na hapo ndipo utakapozilinganisha sauti zenu mbili. Intaneti ikikatika katikati ya mazungumzo, hamjapoteza kitu.

Haya, vingapi?

Nauliza kwa sababu kipindi cha nusu saa si kazi ya nusu saa. Kuna kumtafuta mgeni, kuna mgeni kuahirisha, kuna kurekodi, kukata, kusikiliza tena, kuandika maelezo, na kugundua saa sita usiku kwamba jina la mgeni umelikosea. Wiki ya kwanza utafanya yote kwa furaha. Wiki ya tatu mgeni atapata mafua. Baada ya hapo ndipo watu hubwaga manyanga, wala hawaagi. Kipindi chao cha mwisho kinabaki pale kinasema "tukutane wiki ijayo", na mimi nimeshawangoja wengi wa namna hiyo.

Baba yako anasema ni nguvu ya soda, na kwamba umeirithi upande wangu. Akasema hivyo huku anaitazama cherehani. Cherehani haihusiani kabisa na jambo hili, na kitambaa nilichoifunika ni cha kuzuia vumbi tu.

Lifute hilo tangazo, au lirekebishe. Sema vipindi sita, msimu wa kwanza, basi. Msikilizaji akijua ni sita, ukimaliza cha sita hujamkimbia. Kiwe kila baada ya wiki mbili, siku ile ile. Na usirushe cha kwanza kabla hujawa na vinne vya akiba. Rekodi viwili siku moja, ukiwa na nguvu, maikrofoni ikiwa imeshawekwa sawa. Siku za kazi kukuelemea zinakuja, na siku hizo ndizo utakazokula akiba. Idadi ya wasikilizaji usiichungulie kila saa. Miezi ya mwanzo watakuwa dada yako, mimi, na rafiki zako wawili wanaodanganya kwamba wamesikiliza.

Jambo jingine ambalo hukuligusa kabisa: faili zako zitakaa wapi? Spotify na Apple Podcasts kwa kawaida ni milango tu ya kusikilizia. Unapandisha sauti kwenye huduma ya kuhifadhi podikasti, yenyewe inakutengenezea mlisho wa RSS, yaani orodha ya mtandaoni ya vipindi vyako inayojisasisha, na anwani ya huo mlisho ndiyo unayoipeleka kwenye majukwaa. Hakikisha huduma unayoichagua inakuruhusu kuhama na kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya. Google Podcasts ilipofungwa mwaka 2024, wenye milisho yao waliendelea kusikika kwingine. Barua pepe inayowekwa ndani ya mlisho huweza kuonekana na yeyote, kwa hiyo fungua mpya ya kazi hiyo tu, usiweke ile ya benki. Picha ya jalada iwe ya mraba, Apple wanataka isipungue pikseli 1400 kila upande wala kuzidi 3000, na jina la kipindi lisomeke hata picha ikiwa ndogo kama kwenye simu. Hilo la kwako la sasa, kwa miwani yangu, silisomi. Rekodi ghafi zihifadhi kwa WAV, faili lisilopunguza ubora wa sauti, mahali pawili tofauti. MP3, iliyobanwa iwe ndogo, ni ya kurusha, si ya kutunza.

Muziki uliouweka mwanzoni utoe, kama huna ruhusa ya mwenyewe. Watu husema sekunde chache hazina shida, lakini hakuna sheria ya sekunde chache. Na kile kisa cha shangazi yako, kikate chote. Kinachekesha, hata mimi nilicheka, lakini hakukupa wewe wala wasikilizaji wako. Ukimhoji mtu mwambie kabla itarushwa wapi, na akikuomba baadaye umtolee sentensi, mtolee.

Ukihesabu ukaona ni kimoja tu ulicho nacho, niambie kimoja. Sitakusema. Nitakusaidia kusikiliza vingine, masikio yangu bado yanafanya kazi na siku hizi jioni sina shughuli.

Kuhusu kuhama, mwenye gari amesema atafika saa mbili asubuhi Jumamosi, kwa hiyo maboksi yafungwe Ijumaa. Blanketi la kijani unaweza kuondoka nalo, lile zito la kijivu ni la baba yako na ameshaanza kuliulizia. Fundi wa bomba bado hajaja. Meza yako dada yako ameihamishia chumbani kwake, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Kuna mfuko wa nyaya nyuma ya mlango ambao sijui zipi ni zako, upitie kabla sijautupa.

Mama yako