Tumbili wa Entebbe wasihukumiwe kwa kipimo cha damu

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Masaka ameandika kwamba tumbili wakipimwa na kukutwa na dalili za virusi vya binadamu, basi wauawe kabla hawajatumaliza sisi. Ndugu yangu, subira kwanza. Mimi nakaanga chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, karibu na Bustani ya Mimea hapa Entebbe, na hao tumbili ni majirani zangu. Wizi wao naujua vizuri. Lakini la kuwaua nalikataa.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mara nyingi kinachotafutwa kwenye damu si kirusi bali kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza kupigana na kirusi. Mtoto aliyeugua surua akapona hubaki na kingamwili zake miaka na miaka, na hakuna anayemkimbia. Kwa tumbili ni vivyo hivyo: zinasema tu kwamba aliwahi kukutana na kirusi. Hazisemi kwamba anaumwa leo, wala kwamba anaambukiza, wala nani alimpa.

Hilo la nani alimpa ndilo linaloniwasha. Njoo Jumapili mchana ujionee. Mgeni ananunua rolex kwangu, anaing'ata, anamkatia tumbili kipande ili mwenzake apige picha. Mtoto mwenye kamasi mpaka mdomoni anamnyooshea embe alilokwisha kulilamba. Chupa ya soda ikiachwa kwenye nyasi, tumbili anaishika kwa mikono miwili, anaiinua, anafyonza tone la mwisho palepale palipokuwa mdomo wa mtu. Nikisema naambiwa, "Mama, acha watoto wafurahi." Sasa huyo akipimwa akakutwa na mafua yetu, tushangae nini?

Kule Kanyawara, katika msitu wa Kibale, mwaka 2013 sokwe waliugua kifua. Kati ya 56 walikufa 5. Uchunguzi ulipofanywa kikakutwa kirusi cha rinovirusi C, ambacho kabla ya hapo kilijulikana kwa binadamu tu. Ndicho kinachowapa watoto wetu mafua na kubanwa pumzi. Wao ndio waliozika, si sisi.

Watu wanapenda kutaja kirusi cha Zika, maana msitu wa Zika kilikopatia jina lake uko hapa njia ya Kampala. Haya, tuisome hadithi yote. Yule tumbili aliyekutwa nacho mwaka 1947 hakuwa hata mwenyeji wa Uganda. Alikuwa rhesus, jamii inayotoka Asia, na watafiti wa homa ya manjano walimweka kizimbani juu ya mti makusudi aumwe na mbu. Akapata homa, damu yake ikachunguzwa, kirusi kikajulikana. Mwaka uliofuata kikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo. Mnyama yule alikuwa lindoni, kama askari, na sisi tumempa kesi ya mwizi.

Sisemi tumbili hawahusiki na lolote. Watafiti wa zamani kule Bwamba, magharibi mwa Uganda, walionyesha jinsi homa ya manjano inavyoshuka: mbu wa juu ya miti humuuma tumbili, tumbili hushuka kuiba ndizi, na mbu mwingine, anayezaliana kwenye maji yaliyotuama makwapani mwa migomba, humuuma yeye kisha humuuma mkulima. Lakini kwa hilo chanjo ipo. Brazil mwaka 2017 watu waliwaua kima wao kwa hofu ya homa hiyohiyo, ilhali vifo vya wanyama hao ndivyo vilivyowaonyesha madaktari ugonjwa umefika wapi.

Kwa hiyo, watafiti, wapimeni tumbili, tena msiishie msituni. Pimeni na hawa wa bustanini tunaokula nao sahani moja. Majibu yakitoka yabandikwe getini kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, yaeleze ni kirusi gani na, ikijulikana, kimetoka kwa nani. Na anayewalisha atozwe faini papo hapo. Najua nitapoteza wateja wa picha. Wale wanaomaliza rolex yao wenyewe wananitosha.

Mama Zaituni,
Entebbe