Salamu za Pasaka kwa Ukoo Wetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa baba zangu, mama zangu, shangazi, kaka, dada na watoto wetu, mlio nyumbani na mlio mbali.

Kwa niaba ya wazee nawatakia nyote heri na baraka tele za sikukuu ya Pasaka. Mwaka huu imetukuta wanyonge: bei ya mchele na sukari haishikiki, mbuzi ndiyo usiseme, na kiti cha mama pale barazani ki kitupu.

Kwaresima yote nimekuwa nikiirudia sura ya 12 ya Samweli wa Pili, pale nabii Nathani anapoingia kwa Mfalme Daudi, aliyemtwaa mke wa Uria na kusababisha Uria auawe vitani. Nathani hamshtaki. Anamsimulia habari za maskini mwenye mwanakondoo jike mmoja, aliyekula tonge lake, akanywa kikombe chake na kulala kifuani pake, hata tajiri mwenye makundi akamnyang'anya ili amwandalie mgeni. Tazameni ufundi wake: aliyekuwa mchungaji anapewa kisa cha kondoo, na kula, kunywa na kulala ndiyo mambo matatu ambayo Uria, katika sura ya 11, alikataa kwenda kuyafanya nyumbani kwake wakati wenzake wako vitani. Daudi akawaka hasira, akaamuru kondoo alipwe mara nne kama torati isemavyo, na ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye.

Mama hakusoma sana, lakini ndiye aliyekuwa Nathani wa nyumba yetu. Mwaka ule nilipokaa mjini miezi minane bila kupiga simu, nilimkuta anapepeta mchele, akanisimulia, macho yake kwenye ungo, habari za kijana fulani ambaye mama yake alipeleka simu kuchajiwa dukani kila jioni. Nikamlaumu sana kijana yule. Mama akaokota chuya, akawatupia kuku, akaniuliza kama nimekula.

Basi, ndugu zangu, Jumatatu ya Pasaka tutakapokaa kuzungumzia shamba, tusinyoosheane vidole. Mwenye neno atafute kisa, alisimulie taratibu, amwachie mwenzake ahukumu mwenyewe. Wala tusijidhanie sote ni akina Nathani. Wamo miongoni mwetu wenye makundi, na bado wamekikodolea macho kipande cha mjane.

Kristo amefufuka. Atakayeleta mchele alete uliokwisha kuchambuliwa, kwa kuwa ungo wa mama umetundikwa ukutani na hakuna aliyeushusha.